Kikombe na Kijiko: Mafundisho Katika Mambo ya Kila Siku

Soma kwanza katika Biblia yako: Mathayo 13:33, Luka 13:1-5, Yohana 9:1-7, Wagalatia 6:2-5, Mathayo 25:31-40.

Ndugu msomaji, wewe uliyekaa barazani ukingoja jina lako liitwe, na wewe uliyelala kitandani, na wewe uliyekuja kumlinda mgonjwa wako, somo hili ni lako. Kama hujui kusoma, mwombe jirani yako akusomee kwa sauti, na wengine wa chumba kile wasikie. Halina maneno magumu. Linahusu vitu ambavyo mkono wako umevishika leo asubuhi.

1. Bwana Yesu alifundisha kwa vitu vya nyumbani

Ukisoma Injili utaona jambo hili. Bwana Yesu alipotaka kuwaeleza watu Ufalme wa Mungu, hakuanza na maneno ya wenye elimu. Alisema juu ya mwanamke anayetia chachu katika unga. Alisema juu ya taa, na fedha iliyopotea ndani ya nyumba, na mbegu iliyoanguka kati ya mawe, na wavu wa wavuvi. Kwa mwanamke Msamaria alianza kwa kumwomba maji ya kunywa, kwa sababu alikuwa na kiu kweli, na kisima kilikuwa pale.

Sisi wa Goma tuna vitu vyetu. Tuna bidoni ya maji na gunia la makala. Tuna chukudu. Tuna sambaza wanaovuliwa usiku kwa taa. Tuna mawe meusi ya volkeno chini ya miguu yetu, na mlima Nyiragongo unaong'aa mwekundu usiku juu ya mji. Mungu aweza kutufundisha kwa hivi vyote.

Lakini angalia, mpendwa. Kuna njia nzuri ya kutafuta mafundisho katika mambo ya kila siku, na kuna njia mbaya. Mimi mwenyewe nilifuata njia mbaya siku moja, na mtoto alikuwa karibu kufa. Nitakueleza habari hiyo mbele kidogo. Kwanza tutazame vitu vinne.

2. Bidoni ya maji

Asubuhi na mapema watoto na mama zetu hushuka ziwani na bidoni za njano. Maji ya Ziwa Kivu ni mazuri kwa macho. Ukiyateka katika gilasi na kuinua kwenye mwanga, waona hayana tope, hayana takataka, hayana harufu. Mtu husema, "Maji haya ni safi. Babu zetu waliyanywa."

Tazama sasa jambo lililotokea hapa kwetu mwaka 1994. Katika mwezi wa Julai, kwa muda wa siku chache tu, watu wapatao milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda wakaingia Goma na vijiji vya karibu. Hawakuwa na nyumba wala vyoo. Ardhi yetu ni jiwe tupu la volkeno, na hata kuchimba shimo la choo ni kazi ya siku nyingi. Hata kaburi lilishinda majembe. Watu wakajisaidia po pote, wakateka maji po pote. Ndipo ukaingia ugonjwa wa kipindupindu, ambao wengi wetu twauita kolera, na baada yake kuhara damu. Kwa mwezi mmoja tu wakafa karibu watu 50,000. Wako kati yenu wasomaji walioona kwa macho maiti zimepangwa kando ya barabara.

Ni nini kiliwaua? Si maji yaliyoonekana machafu tu. Mdudu wa kolera ni mdogo kiasi kwamba jicho haliwezi kumwona. Hutoka katika mavi ya mgonjwa, huingia katika maji, au hubebwa na mikono isiyonawa, kisha huingia kinywani mwa mtu mwingine. Maji meupe kabisa yaweza kuwa na wadudu hao.

Ndiyo sababu kando ya ziwa mara nyingi utamwona mtu amesimama na dawa ya klori, akitia kipimo katika kila bidoni. Usimpite kwa haraka. Tena usinywe maji yale mara moja. Klori yahitaji nusu saa kufanya kazi yake. Na kama hapana klori, chemsha maji mpaka yatokote kwa nguvu, uyaache yaendelee kutokota dakika moja kamili, kisha uyafunike. Usichovye mkono wala kikombe kichafu ndani yake.

Je, twajifunza nini? Twajifunza kwamba jicho letu si mwamuzi wa kutosha. Samweli alipotumwa kumtia mafuta mfalme, alitazama sura na urefu, na Mungu akamwonya kwamba Yeye hutazama moyo. Mtu aweza kuvaa vizuri siku ya Jumapili, akaimba katika kwaya, na watu wote wakasema, "Huyu ni safi." Lakini moyoni kuna chuki ya miaka mitatu juu ya ndugu yake kwa sababu ya kiwanja. Chuki hiyo haionekani, nayo yaua. Tena twajifunza kungoja. Wengi hutia dawa, kisha hunywa papo hapo, halafu husema dawa haifai. Vivyo hivyo wengi huomba mara moja, kisha huondoka kabla ya Mungu kumaliza kazi yake ndani yao.

3. Mazuku

Wakaaji wa upande wa magharibi wa mji, kwenda Bulengo na Ziwa la Kijani na njia ya Sake, walijua neno hili tangu utoto: mazuku. Wazee walisema ni upepo mbaya. Mbuzi alishuka katika shimo kutafuta majani asirudi. Mbwa alimfuata mbuzi, naye akalala huko.

Siku hizi twajua mazuku ni nini. Ni hewa ya kaboni inayotoka chini ya ardhi, katika nyufa za mawe ya volkeno. Haina rangi. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hutiririka kama maji na kujaa mahali pa chini. Asubuhi mapema, kabla ya upepo kuvuma, ndipo huwa nyingi. Mtu mzima akisimama kichwa chake chaweza kuwa juu ya hewa hiyo, lakini mtoto anayecheza chini, au mtu aliyelala sakafuni, au mama aliyeinama kuokota kuni, huivuta na kuanguka.

Sasa shika agizo hili, maana laweza kuokoa nyumba yako. Ukimwona mtu ameanguka shimoni mahali pa mazuku, usishuke mbio peke yako kumwinua. Wengi wamekufa hivyo, wa pili juu ya wa kwanza, na wa tatu juu ya wa pili. Piga kelele, ita watu, mvuteni kwa kamba au kwa mti mrefu mkiwa juu. Wala usijenge chumba cha kulala watoto mahali penye alama ya mazuku, hata kama kiwanja kile chauzwa kwa bei ndogo.

Na fundisho? Wengine hufundisha kwamba upendo wa Kikristo ni kujitupa tu. Siyo. Upendo una akili. Bwana Yesu aliwaambia wanafunzi wake wawe na busara kama nyoka, tena wapole kama njiwa. Kijana anayekwenda katika nyumba ya pombe ili kumtoa rafiki yake, naye huenda peke yake, usiku, bila kuomba, bila kumwambia mzee wa kanisa, mara nyingi hulala huko pamoja na rafiki yake. Ita wengine. Shika kamba. Simama mahali pa juu.

4. Jiwe la volkeno

Ndugu, hapa twafika mahali pa hatari katika somo letu.

Tarehe 17 Januari, mwaka 2002, Nyiragongo ulipasuka ubavuni. Moto ukashuka, ukapita katikati ya mji, ukaingia ziwani. Nyumba maelfu ziliteketea, pamoja na makanisa, maduka na shule. Watu walikimbilia Gisenyi, wengine Sake. Tena Jumamosi usiku, tarehe 22 Mei 2021, mlima ulitoa moto mara nyingine, nao ukakaribia mji mpaka Buhene. Watu wapatao thelathini walikufa, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama kwa sababu ardhi ilikuwa ikitetemeka. Mabomba ya maji yaliharibika, na watoto wengi walipoteana na wazazi wao njiani.

Baada ya mambo haya watu walianza kusema. Mmoja alisema, "Mtaa ule uliungua kwa sababu ya dhambi za mtaa ule." Mwingine, ambaye nyumba yake ilibaki, alisema, "Mungu aliona sala zangu." Lakini jirani yake aliyeungua alikuwa mjane mwenye kumcha Mungu, na aliyasikia maneno yale.

Bwana Yesu alikwisha kujibu. Soma Luka 13. Mnara wa Siloamu uliangukia watu 18, nao wakafa. Yesu aliuliza kama wale 18 walikuwa wenye dhambi kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu. Akasema hapana. Akawaambia wasikilizaji watubu wao wenyewe. Na katika Yohana 9, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akakataa swali lile. Kisha akafanya tope kwa mate, akampaka macho, akamtuma kwenda kunawa. Wanafunzi walitaka kumtumia kipofu kuwa mfano wa mafundisho. Bwana alimwona ni mtu, akamtibu.

Basi shika kanuni hii: pigo la jirani yako si mfano wako wa kuhubiri. Kama Mungu ana fundisho katika taabu ya mtu, atamfundisha mwenye taabu mwenyewe, kwa wakati wake. Wewe peleka blanketi na sufuria.

Hata hivyo jiwe lenyewe lina neno. Tembea katika mji wetu uone. Moto uliounguza nyumba ulipoa ukawa jiwe jeusi. Watu walichukua nyundo wakalivunja. Leo misingi ya nyumba nyingi, na kuta za viwanja, na hata kuta za makanisa, ni mawe yale yale. Hakuna aliyesema moto ulikuwa mzuri. Lakini watu walijenga kwa kile kilichobaki. Kama una huzuni leo, sikuambii huzuni hiyo ni njema. Nakuambia tu kwamba Mungu aweza kujenga hata kwa mawe haya.

5. Chukudu

Katikati ya mji wetu imesimamishwa sanamu ya rangi ya dhahabu, nayo ni ya mwanamume mwenye chukudu. Mji mwingine huweka sanamu ya jemadari. Sisi tuliweka chukudu, na ni haki, maana chukudu kimelisha watoto wengi.

Kijana akitoka Kibumba na mzigo wa viazi au kabeji au makala, njia ya kushuka humsaidia. Hupiga goti juu ya ubao na kushuka mbio, na mguu wake uko tayari kwenye breki ya mpira iliyo juu ya gurudumu la nyuma. Lakini kwenye kilima hawezi peke yake. Huinama, husukuma, jasho latoka. Ndipo utaona mpita njia anaweka mkono nyuma ya gunia na kusukuma hatua 20 au 30, kisha anaendelea na safari yake. Hakumuuliza kabila lake wala kanisa lake.

Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba wachukuliane mizigo. Kisha, mistari michache mbele, akaandika kwamba kila mtu atachukua mzigo wake mwenyewe. Wengine hudhani maneno haya yapingana. Mwenye chukudu ataelewa mara moja. Chukudu ni chake, breki ni yake, na kuongoza ni kazi yake, hakuna atakayemwongozea. Lakini kilimani yahitajika mikono ya wengine. Vivyo hivyo mgonjwa wa kifua kikuu atameza vidonge vyake mwenyewe kila siku, wala hapana atakayemmezea. Lakini ndugu zake waweza kumletea chakula, na kumkumbusha saa, na kumtia moyo mwezi wa tatu anapochoka. Je, ni nani anayepanda kilima karibu na nyumba yako?

6. Siku nilipohubiri badala ya kunywesha

Sasa nitakueleza kosa langu, maana nimekuandikia mambo mengi kama mtu anayejua.

Nilikuwa nimetoka shule ya Biblia, tena nilikuwa nimekwisha kusomea uuguzi, nami nilijiona nina baraka mbili. Nilifanya kazi katika nyumba moja ya wagonjwa. Asubuhi moja, wakati wa mvua, baraza ilijaa watu. Zamu yangu ilikuwa kuongoza sala ya asubuhi kabla ya kuanza matibabu. Nilichagua habari ya maji ya uzima. Nilikuwa nimeleta bidoni tupu kama mfano, nami niliona mfano ule ni mzuri sana. Niliigonga ili watu wasikie sauti ya utupu.

Katika mstari wa pili aliketi mama mmoja kijana, na mtoto wake mgongoni, wa umri wa mwaka mmoja hivi. Mama yule alikuwa ananitazama kwa macho makubwa. Nilidhani Neno limemgusa. Basi nikaongeza maneno. Nikahubiri juu ya kiu ya roho kwa muda mrefu, huku nikimtazama yeye.

Nyuma alikuwapo mama mzee aliyefagia na kupiga deki pale. Hakusoma hata darasa moja. Wote tulimwita Koko. Koko aliweka ufagio wake chini, akapita kati ya watu mimi nikiwa bado nasema, akamfungua mtoto mgongoni. Akamshika ngozi ya tumbo kwa vidole viwili na kuiachia. Ngozi haikurudi, ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Alikuwa analia, lakini hapakuwa na chozi.

Koko hakunikemea. Alisema tu, "Muganga, huyu ana kiu." Akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha maji ya chumvi na sukari na kijiko kidogo. Akaketi sakafuni, akaanza kumnywesha mtoto kijiko kimoja kimoja. Mtoto akatapika. Koko akangoja kidogo, akaanza tena. Nami nilikuwa nimesimama na bidoni yangu tupu mkononi.

Tulimwingiza ndani, tukamtia serumu, na kwa neema ya Mungu mtoto aliishi. Daktari alituambia kwamba kama angekawia saa moja tena tusingempata. Mama yake alinieleza baadaye kwamba alifika kabla ya jua kuchomoza. Alitaka kusema, lakini aliona haya kumkatiza mtumishi wa Mungu.

Usiku ule nilisoma Mathayo 25. Bwana hasemi hapo kwamba alikuwa na kiu nasi tukamfafanulia maana ya kiu. Asema juu ya wale waliompa kinywaji. Nilimwomba Mungu msamaha. Kesho yake nilimwomba msamaha mama yule, kisha Koko. Koko alicheka, akasema, "Wewe hubiri tu. Lakini kwanza tazama watoto."

Tangu siku ile nina desturi. Kabla ya sala ya asubuhi, napita barazani nikiwatazama watoto wote, na wazee, na wanaolala chini. Mwenye hatari huingia kwanza. Ndipo tunaomba. Wala sala yetu haikupungua nguvu.

7. Kikombe na kijiko vilivyookoa wengi

Labda wasema, "Maji ya chumvi na sukari ni dawa ya maskini. Mimi nataka serumu ya mshipa." Sikiliza habari hii ya kweli.

Mwaka 1971 kulikuwa na vita katika nchi ambayo sasa yaitwa Bangladesh. Watu mamilioni walikimbilia India. Kolera ikaingia kambini, kama ilivyotokea kwetu mwaka 1994. Katika mji mdogo wa Bangaon, karibu na mpaka, alikuwapo daktari kijana jina lake Dilip Mahalanabis. Wagonjwa walilala chini, na serumu ya mshipa ilikuwa inakwisha. Ndipo akachanganya chumvi na sukari katika maji safi, akayatia katika mapipa, akawaambia ndugu za wagonjwa wachote na kuwanywesha wenyewe. Kabla ya hapo karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wanakufa. Kati ya wale waliotunzwa kwa njia hii, walikufa chini ya 4 katika kila 100.

Sukari huisaidia chumvi kupita katika ukuta wa utumbo, na maji hufuata pamoja nayo. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na chumvi peke yake haifai. Tena angalia: dawa ile haikupewa na waganga tu. Ilipewa na mama, na baba, na yaya, na jirani, kijiko kwa kijiko.

Fanya hivi nyumbani, mtoto au mtu mzima anapoanza kuhara:

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni. Kama una pakiti ya dawa ya kuhara kutoka kituo cha afya, ikoroge katika maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Kama huna, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, au yaliyotiwa klori. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Koroga mpaka iyeyuke. Onja: isiwe na chumvi kuliko machozi.

Pili, mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo mpaka nusu ya kikombe kila baada ya kuhara. Mkubwa kidogo apewe nusu mpaka kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena polepole. Maji yaliyobaki baada ya siku moja yamwagwe, tengeneza mapya.

Tatu, usimnyime ziwa la mama. Usimnyime chakula. Wako wanaosema, "Ukimpa maji ataharisha zaidi." Neno hili limezika watoto wengi. Mtoto anayeharisha anapoteza maji. Asiporudishiwa, hukauka kama shina lililong'olewa.

Nne, mlete hospitali upesi, huku ukimnywesha njiani, kama waona dalili hizi: macho yamezama, halii machozi, ngozi ya tumbo ikivutwa hairudi upesi, amelegea au hawezi kunywa, kuna damu katika choo, au kuhara ni kama maji ya mchele na hakukomi. Kolera yaweza kumwua mtu mzima mwenye nguvu kwa saa chache. Usingoje kesho. Usiende kwanza kutafuta ni nani aliyekutupia sumu. Na ukifika barazani na mgonjwa wa namna hii, usione haya kama yule mama. Inua mkono, sema kwa sauti, hata kama mtu anahubiri. Hata kama ni mimi.

8. Namna nzuri ya kutafuta mafundisho

Basi tukusanye maneno yetu. Unapotaka kujifunza kwa Mungu katika mambo ya kila siku, fuata hatua tatu.

Ya kwanza: kitazame kitu chenyewe vizuri, kama kilivyo. Jua kwanza kwamba maji yana wadudu, ndipo useme juu ya moyo. Mungu ni Mungu wa kweli, naye hapendi mifano iliyojengwa juu ya uongo.

Ya pili: fundisho likupige wewe kwanza. Kama fundisho uliloliona lamhukumu jirani tu na wewe halikugusi, huenda si la Mungu.

Ya tatu: lifanye. Aliyejifunza kwa bidoni, aifunike bidoni yake. Aliyejifunza kwa chukudu, asukume. Aliyejifunza kwa kikombe na kijiko, amnyweshe mwenye kiu.

Koko amekwisha kulala katika Bwana. Siku ya maziko yake wengi walitoa ushuhuda, na mimi pia nilisema machache. Mtoto yule wa bidoni tupu alikuwapo, naye amekuwa kijana mrefu. Alishika koleo pamoja na wengine. Hakumbuki kitu, bila shaka, lakini mama yake alimweleza.

Maswali ya kujiuliza

1. Maji tunayokunywa nyumbani mwetu yametiwa klori au yamechemshwa? Bidoni yetu ina kifuniko?

2. Je, nimewahi kusema kwamba taabu ya mtu fulani ni adhabu yake? Nimemwomba msamaha?

3. Ni nani karibu nami anayepanda kilima na mzigo wiki hii?

4. Naweza kutengeneza maji ya chumvi na sukari bila kitabu? Nani nyumbani mwangu hajui? Nitamfundisha leo.

Tuombe

Ee Mungu Baba yetu, tufungue macho tuone unachotufundisha katika kazi ya mikono yetu. Utuondolee kiburi cha kuhubiri pasipo kutazama. Uwakumbuke wagonjwa waliolala hapa, na watoto wao, na wanaowalinda usiku. Utupe kikombe cha kumpa mwenye kiu, na saburi ya kumpa kijiko kwa kijiko. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.